PES 6 na Winning Eleven 10

Kaka, namba moja na namba tatu kwenye orodha yako ya gemu za PS2 (PlayStation 2), yaani PES 6 na Winning Eleven 10, ni gemu ileile ya mpira. Kampuni ya Konami waliitoa Japani Aprili 2006 kwa jina la Winning Eleven 10, ikafika Ulaya Oktoba mwaka huohuo ikiitwa PES 6 (Pro Evolution Soccer 6). Zinatofautiana kidogo tu, hasa sauti ya mtangazaji, ile ya Japani ni Kijapani mwanzo mwisho.

Nina hakika kwa sababu banda tulilokuwa tunachezea Mwanga, hapa Kigoma, lilikuwa na diski zote mbili. Kwenye zote mshambuliaji Adriano wa Inter Milan ana nguvu ya shuti 99. Ukimwachia nafasi mita thelathini, umekwisha, na mwenye banda alishapiga marufuku kuichagua Inter mkicheza kwa dau.

Ila usiamini jalada. Diski nyingi za PS2 mitaani zilichakachuliwa, zikabandikwa 2012 au 2013 na majina mapya ya wachezaji. PES 6 halisi utaijua kwa Chelsea: imeandikwa London FC, maana Konami hawakuwa na leseni ya Chelsea.

Nafasi ya tatu ipe gemu ya GTA San Andreas.