Huyo samaki hajafa, kalala mchangani

Mkuu, umesema umemnunua Halichoeres iridis, yule ndugu wa pono mwenye kichwa cha rangi ya chungwa na mwili wa zambarau iliyokolea, ukamwachia jioni kwenye tangi lako la samaki wa baharini, kulipokucha hayupo. Sasa, kabla ya kuongeza samaki wa pili unayemtaka, unataka kufukua mchanga utafute mzoga. Usifukue. Huyo hulala ndani ya mchanga, na akiwa mgeni anaweza kujificha humo siku kadhaa. Pima amonia, ile sumu inayopanda majini mzoga ukioza; kama ni sifuri, mwache.

Wangu huwa ananichekesha. Kabla taa hazijazimwa anazungukazunguka kona ileile, anachungulia chini, halafu anatumbukia kichwa mbele. Unachoona ni vumbi la mchanga tu. Asubuhi hutoka mdomo kwanza, kisha jicho linalozungushwa huku na huku, na ndipo mwili unafuata.

Kwa hiyo kazi kubwa ni mchanga. Uwe laini, kina cha sentimita 5 au zaidi. Vipande vya matumbawe vilivyosagika vibaya vinamchubua, na mchubuko huo hugeuka kidonda. Ukiwa na tangi la karantini, yaani la kumtenga samaki mgeni, lisilo na mchanga, mwekee humo bakuli la mchanga.

Jingine ni mfuniko. Akishtuka anaruka, na upenyo mdogo tu unamtosha. Mimi natumia fremu yenye wavu, si kioo, maana kwa joto la Dar kioo kinazuia maji yasipoe.

Chakula si tatizo: uduvi wabichi wa kugandisha, kidogo kidogo, mara mbili au tatu kwa siku. Wale wakavu wa sokoni achana nao. Matumbawe hayagusi, na minyoo bapa anakusaidia kuila, lakini konokono wadogo na kamba wadogo usiwahesabu kama mali yako.

Na ukirudi dukani usishawishike na kile kisamaki chekundu chenye mabaka meupe mgongoni. Huyo ni mtoto wa Coris, ndugu mwingine wa samaki wako. Hukua kupita sentimita 30, akabadilika rangi kabisa na kupindua kila jiwe ulilopanga.

Ukubwa wa tangi hukutaja. Kama ni chini ya lita 200, huyo wa pili unayemtaka mwache kwanza. Na kama una yule ndugu yake mdogo mwenye mistari sita mwilini humo ndani, ni mkorofi kwa wageni wa jamii yake, inawezekana ndiye anayemfanya mwenzake asitoke.