Bustani ya mtaa: jongoo, kima na mto uliopewa nafasi

*Mtaa wetu Mombasa umepewa kiwanja cha mwamba mtupu. Tuanze na mti gani?*

Mvinje. Mfano mnao hapo hapo Bamburi: mwaka 1971 mtaalamu wa kilimo René Haller alianza kupanda kwenye machimbo ya saruji. Katika miti ya aina 26 aliyojaribu, ilishika mitatu tu, mvinje ukiwamo, kwa kuwa mizizi yake hushirikiana na bakteria wanaovuta naitrojeni, chakula cha mimea, kutoka hewani. Lakini majani yake yalirundikana bila kuoza. Haller akaona jongoo wakiyala, akawaleta wengine wengi, na kinyesi chao kikawa mwanzo wa udongo. Leo machimbo yale ni Haller Park. Kwa hiyo nawasihi: fagieni njia za watu, chini ya miti msiguse. Ufagio wa kila asubuhi umeua bustani nyingi. Kivuli kikishapatikana, pandeni mkuyu kwa ajili ya ndege, mbali na kuta.

*Kima wananyang'anya watoto chakula. Tuwafukuze?*

Wamefundishwa na sisi. City Park ya Nairobi wageni huwapa njugu na ndizi, na kima aliyezoea mkono wa mtu hungoja mkono. Acheni kuwalisha kabisa, wekeni mapipa yenye vifuniko vya kukaza, na sehemu ya kulia chakula iwe peupe, mbali na matawi.

*Mtaro wa zege unapita katikati ya kiwanja chetu, Dar. Tuufunike?*

Tafadhali msiufunike. Singapore, katika bustani ya Bishan-Ang Mo Kio, walibomoa mfereji wa zege wa kilomita 2.7 wakaurudishia mto Kallang mapindo yake. Kazi ilikamilika 2012. Mvua ikizidi, maji hutanda kwenye nyasi, watu hupanda juu. Yakipungua, watoto hurudi kucheza. Hata fisi maji wameonekana pale. Ila kwenu maji taka yazuiwe kwanza, kabla ya kupanda hata unyasi mmoja. Mtoto atayagusa maji hayo.

*Taa ziwake usiku kucha?*

Kwenye njia, ndiyo, zikielekezwa chini. Upande wa miti mikubwa pawe giza. Popo ndio wanaochavusha mbuyu, na maua yake hufunguka jioni.