Laos kwa boti na basi: safiri mchana, usikimbizane na orodha

Ukiniuliza ni nchi gani ya Kusini-Mashariki mwa Asia inamfaa mtu anayebeba begi mgongoni kwa mara ya kwanza, nitakutajia Laos bila kusita. Haina bahari. Imezungukwa na China, Vietnam, Kambodia, Thailand na Myanmar, watu wake ni milioni saba na ushei, na Mto Mekong umekuwa njia yao kuu tangu enzi za mababu. Muuza duka hakuvuti mkono. Gari likiambiwa litaondoka likijaa, abiria wanakaa kivulini wanasubiri lijae, na hakuna anayemfokea konda.

Ushauri wangu ni huu: chagua sehemu chache, safiri mchana, na popote penye boti, panda boti. Nimekutana na wasafiri waliolalamika kwamba Laos haina cha kuona. Ukiwahoji, unakuta walivuka milima ya kaskazini usiku wakiwa wamelala kwenye basi, wakafika mji mwingine alfajiri wamechoka, wakapiga picha ya hekalu na kukata tiketi ya usiku tena.

Tuanze na makaratasi, maana hapa ndipo ushauri wa mitandaoni ulioandikwa na Wazungu unapotuangusha. Wengi wao hufika mpakani wakagongewa viza papo hapo. Sisi wenye pasi za Tanzania, Kenya au Uganda tusiende mpakani kwa matumaini. Ulizia viza ubalozini mapema. Ubalozi wa Laos upo Bangkok, na wana ubalozi mdogo Khon Kaen, kaskazini-mashariki mwa Thailand. Kwa anayepitia Thailand, jambo linalokwamisha watu zaidi ni viza ya Thailand yenyewe. Ile ya kuingia mara moja inakwisha pale unapovuka kwenda Laos, kwa hiyo kama ndege yako ya kurudi nyumbani inaondokea Bangkok, tafuta viza ya kuingia zaidi ya mara moja, au jipange kuomba nyingine ukiwa Vientiane, mji mkuu wa Laos. Halafu kadi ya njano. Thailand inadai cheti cha chanjo ya homa ya manjano kwa wanaotoka nchi zetu, na pale uwanja wa ndege wa Suvarnabhumi, Bangkok, unapita dirisha la afya kwanza ndipo uende uhamiaji. Ukijipanga foleni ya uhamiaji bila muhuri wa afya, utarudishwa nyuma.

Mimi napenda kuingilia kaskazini. Kutoka Chiang Rai, kaskazini mwa Thailand, kuna basi hadi Chiang Khong, unavuka Mekong kwa Daraja la Nne la Urafiki lililofunguliwa Desemba 2013, unalala Huay Xai upande wa Laos. Asubuhi unateremka gatini kupanda boti ya taratibu. Ni boti ya mbao, ndefu na nyembamba, yenye paa. Viti vyake vingi vimeng'olewa kwenye magari, na injini iko nyuma. Inakwenda kilomita 300 hivi hadi Luang Prabang kwa siku mbili, na usiku wa katikati abiria wanalala kijiji cha Pakbeng.

Fika gatini saa mbili asubuhi hata kama umeambiwa boti inaondoka baadaye sana. Anayechelewa anaketi karibu na injini, na kelele ile kwa siku nzima si mchezo. Nunua mkate mrefu wa Kifaransa uliojazwa mayai au nyama, maji, matunda na kitu cha kutafuna, kwa sababu duka la botini ni biskuti na tambi za kumwagia maji moto. Desemba na Januari ukungu hukaa mtoni mpaka jua liwe juu, na upepo unapenya; vaa koti, usilifungie kwenye begi kubwa litakalowekwa chini ya mbao za sakafu. Mawakala wa Huay Xai watakuuzia chumba cha Pakbeng kwa kukutisha kwamba vyumba vimekwisha. Pakbeng gesti zimepangana barabara nzima inayopanda kutoka mtoni. Shuka, angalia chumba, kisha lipa.

Baada ya hapo, kaa utazame. Mimi ni mtu wa Mwanza, nimekua nikiona mitumbwi na meli za ziwa, na bado Mekong ilinishika. Wakati wa kiangazi maji yakishuka, wanavijiji wanalima karanga na mboga kwenye mchanga wa kingo. Nyati wamezama hadi shingoni. Kila baada ya muda boti inaegesha ufukoni pasipo gati wala kibao, mama anashuka na gunia lake la mchele na kuku, watoto wanakimbia kumpokea, boti inaondoka. Hapo ndipo unapoelewa kwamba umepanda usafiri wa watu, na pesa yako inawasaidia kuendelea kuupata.

Kuna boti za mwendo kasi zinazomaliza njia hiyo hiyo kwa saa sita au saba. Abiria wanavaa helmeti, na helmeti hiyo inakueleza yote. Mekong ina miamba iliyojificha chini ya maji na magogo yanayoelea. Usipande.

Ninasihi pia usiiahirishe safari hii. Bwawa kubwa la umeme linajengwa kwenye Mekong, kilomita 25 hivi juu ya mji wa Luang Prabang, na mto hautabaki ulivyo. Ulizia gatini Huay Xai namna abiria wanavyopitishwa eneo hilo wakati wa safari yako. Boti ikifika mwisho, ujue gati iko kama kilomita kumi nje ya mji, changieni bajaji.

Luang Prabang imo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 1995, na wageni ni wengi. Nitasema jambo moja tu kuhusu mji huu. Kila alfajiri watawa wa Kibuddha hupita barabarani na bakuli zao, na wenyeji waliopiga magoti huwawekea wali. Hiyo ni ibada. Funika mabega na magoti, simama ng'ambo ya barabara, zima mwanga wa kamera, na kama wewe ni mwanamke usimguse mtawa. Nimeona wageni wakimkaribia mtawa hadi usoni kwa ajili ya picha, na iliniuma, kwa sababu hakuna kati yetu ambaye angependa mtu aingie msikitini au kanisani kwetu kwa namna hiyo.

Toka mjini upande kaskazini hadi Nong Khiaw, saa tatu au nne kwa basi dogo. Zamani ungeenda kwa boti moja kwa moja kupitia Mto Nam Ou, lakini mto huo umewekewa mabwawa saba ya umeme, na safari ile ndefu ikafa. Kipande kilichobaki ni hiki: Nong Khiaw hadi Muang Ngoi, kama saa moja juu ya maji, katikati ya majabali ya chokaa yaliyofunikwa na msitu. Kwa maoni yangu hakuna saa moja nzuri zaidi Laos yote. Muang Ngoi ni njia moja ya vumbi, gesti za mbao zinazotazama mto, bembea za kulalia barazani, na vijiji vya kutembelea kwa miguu kupitia mashamba ya mpunga. Kaa huko zaidi ya ulivyopanga. Watoto walinifuata wakitaka kugusa nywele zangu. Niliwaruhusu, na bibi mmoja akaniita nikae naye kwenye mkeka, akanisogezea kikapu cha wali. Utatazamwa sana ukiwa Mwafrika vijijini. Mimi sikuwahi kuhisi ubaya ndani ya macho yale. Tabasamu, salimia "sabaidee" huku umeunganisha viganja kifuani, na mambo yanakuwa mepesi.

Wali wao ni wa kunata, unakuja kwenye kikapu kidogo cha mianzi, unauviringisha kwa vidole na kuchovya. Papai bichi linatwangwa na pilipili, ndimu na mchuzi wa samaki waliochacha. Taja mapema kwamba hutaki pilipili nyingi. Wasiokula nguruwe waulize kila mara, maana nyama hiyo inaingia hata kwenye supu. Kimbilio langu lilikuwa samaki mzima aliyepakwa chumvi, akajazwa mchaichai na kubanikwa juu ya makaa. Nilipomtazama vizuri nikamtambua: ni sato! Samaki wa kwetu, aliyepelekwa Asia na sasa anafugwa kwenye vizimba vya Mekong. Nilimla karibu kila jioni.

Njiani hapo Nong Khiaw utaona mapango ambamo watu waliishi wakati wa vita. Kati ya 1964 na 1973 ndege za Marekani ziliangusha Laos zaidi ya tani milioni mbili za mabomu, vikiwamo vibomu vya mtawanyiko zaidi ya milioni 270, na inakadiriwa kwamba hadi asilimia 30 ya vibomu hivyo havikulipuka. Bado viko ardhini. Kwa hiyo usikate njia za mkato porini, usiokote chuma cha duara hata kikionekana kama mpira wa mtoto, na ukienda Phonsavan kuona Uwanda wa Mitungi, wenye mitungi mikubwa ya kale ya mawe na uliotambuliwa na UNESCO mwaka 2019, fuata alama za chini: upande mweupe umesafishwa mabomu hadi ndani ya ardhi, upande mwekundu haujakaguliwa kikamilifu. Ukifika Vientiane, tenga muda uende kituo cha COPE, wanaotengeneza miguu na mikono ya bandia. Niliyaona maonyesho yao nikatoka sina maneno, na nikaanza kuwaelewa tofauti wale wazee niliowaona kaskazini wakitembea kwa magongo.

Sasa mabasi. Safari fupi unapanda pikapu yenye mabenchi mawili yanayotazamana nyuma, kama chai maharage za Dar es Salaam ya zamani. Safari ndefu ni mabasi makubwa au vigari vidogo, na stendi mara nyingi ziko nje ya mji. Milimani usisafiri usiku. Barabara Namba 13, inayoishika nchi kutoka kaskazini hadi kusini, ina kona kali na malori mazito, na kuanzia Mei hadi Oktoba mvua huporomosha udongo. Msimu huo nashauri bila shaka yoyote treni ya Laos na China iliyofunguliwa Desemba 2021; Luang Prabang hadi Vientiane ni kama saa mbili. Utapita mahandaki mengi na kuona kidogo, lakini utafika.

Kusini mwa Vientiane nchi ni tambarare, na hapo basi la usiku kwenda Pakse linakubalika. Lina vitanda. Kitanda kimoja ni cha watu wawili, na ukiwa peke yako utawekwa ubavuni mwa mtu usiyemjua. Dada yangu, sema unapokata tiketi kwamba unataka kulala na mwanamke mwenzako, au lipia nafasi zote mbili. Pasi na pesa zikae mwilini, simu isiachwe inachaji ukalala.

Ukipita Vang Vieng, mji ulio kati ya Luang Prabang na Vientiane, usinywe pombe kali ya bure wala iliyomiminwa kutoka chupa usiyoiona ikifunguliwa. Novemba 2024 watalii sita walikufa baada ya kunywa pombe yenye methanoli pale. Hili halina mjadala.

Pakse ni ya kubadilishia magari, lakini Champasak ina Wat Phou, mahekalu ya Kikhmer yaliyopanda mlima kwa ngazi zilizoota miti ya maua meupe, na asubuhi unaweza kuwa peke yako. Kisha endelea hadi Nakasang, vuka kwa kiboti hadi Don Det, katika eneo wanaloliita Visiwa Elfu Nne. Kodi baiskeli, vuka daraja la zamani la reli ya Wafaransa hadi Don Khon. Wafaransa walijenga reli ile kwa sababu maporomoko ya Khone yaliwazuia kupandisha meli zao Mekong; ukisimama kando ya maji yale utawaelewa. Usiogelee karibu na maporomoko, hata pale maji yanapoonekana yametulia.

Kuhusu pesa: mashine za ATM zipo mijini, Muang Ngoi na visiwani usizitegemee. Kip, pesa ya Laos, ilishuka sana. Mwanzoni mwa 2021 dola moja ilikuwa kip 9,000 na kitu, kufikia mwisho wa 2023 ilipita 20,000, hivyo bei yoyote uliyosoma kwenye makala ya zamani haina maana tena. Dola safi zisizokunjwa zinabadilishwa kwa urahisi. Bei za vitu zimepanda kwa wenyeji kuliko kwetu sisi wageni, kwa hiyo bishana kidogo kwa bajaji ukitaka, lakini mama anayeuza ndizi gatini mlipe anachosema. Na kabla ya kuvuka kwenda Kambodia au Thailand, badilisha kip zote au zimalizie kwenye chakula na tiketi, maana ng'ambo ya mpaka ni vigumu kumpata wa kuzipokea.