Muulize Shangazi: Nampenda Mwalimu, na Bibi Titi nampenda pia

Shikamoo shangazi. Mimi ni mwanafunzi wa chuo hapa Dodoma, mwaka wa pili. Safu yako naisoma sana ila naona mara nyingi unajibu mambo ya ndoa na mikopo, leo naomba nikuulize tofauti kidogo. Ni watu gani hasa waliokujenga, kisiasa na kimaisha, mpaka ukawa unafikiri hivo unavofikiri? Nauliza kwa sababu huku hosteli tukianza mada ya Nyerere tu ni ugomvi, ukimsifia unaambiwa umelishwa propaganda, ukimkosoa unaambiwa huna adabu kwa Baba wa Taifa. Sasa mtu asimame wapi?
Mwanafunzi, Dodoma

Marahaba mwanangu. Umeniuliza jambo ninalolipenda, kwa hiyo nivumilie, nitakuwa mrefu.

Wa kwanza ni mama yangu mzazi, na simtaji kwa ajili ya heshima tu. Mama alikuwa anauza samaki wa kukaanga Temeke na ndo alikuwa mshika hela wa mchezo wa akina mama pale mtaani. Alikuwa na kaunta buku moja limefunikwa na gazeti, kila mama ana mstari wake, tarehe juu, kiasi pembeni, aliyetoa anawekewa tiki kwa kalamu nyekundu. Jumamosi jioni wanakaa kwenye mkeka uani, na kwa kuwa wengi walikuwa hawasomi vizuri basi mimi ndo nasoma kwa sauti jina baada ya jina, nani katoa, nani bado, kilichopo ni kiasi gani na leo anapokea nani. Mwaka ambao baba aliumwa sana mama akarudi nyuma kwenye michango, na jioni moja kabla sijafungua daftari akaniambia, anza na jina langu. Nikasoma mbele ya wote kwamba mshika hela mwenyewe anadaiwa. Hakuna aliyeguna, mama mmoja akasema haya tumesikia, endelea mwanangu, nikaendelea. Mpaka leo nikimsikia kiongozi yeyote anaongea, awe wa serikali, wa chama, wa msikitini, wa kanisani au wa vikoba, ninachotaka kujua kwanza ni kile kile cha pale uani: je daftari linasomwa mbele ya watu, na jina lake yeye limo?

Ndo maana Mwalimu Nyerere alinikamata. Nyie mmemkuta kwenye noti, sie tumemkuta kwenye redio. Nilipofika sekondari nikasoma Azimio la Arusha, lile lililotangazwa tarehe 5 Februari 1967, na sehemu iliyonigusa ni ile ya mwisho ya masharti ya viongozi ambayo watu huwa hawaifiki. Kiongozi asiwe na hisa katika kampuni yoyote, asiwe mkurugenzi wa kampuni ya kibepari, asipokee mishahara miwili au zaidi, asiwe na nyumba ya kupangisha. Nikaona kumbe ni lile daftari la mama, ila limeandikwa kwa nchi nzima na majina ya wakubwa ndo yamewekwa juu. Na yeye mwenyewe aliwahi kuonyesha kwamba cheo unaweza kukiacha. Januari 1962, uhuru hauna hata miezi miwili, aliuachia uwaziri mkuu akamwachia Kawawa, akaenda kukijenga chama huko mikoani, akarudi Desemba mwaka huo huo kama Rais wa Jamhuri. Mwaka 1985 akang'atuka urais, mwaka 1990 akaachia na uenyekiti wa chama, akarudi Butiama kulima. Halafu kuna hili la vyama vingi ambalo mie nalipa uzito mkubwa. Tume ya Jaji Nyalali ilipozunguka kuuliza watu, wengi sana walisema tubaki na chama kimoja, waliotaka vyama vingi walikuwa kama mmoja kati ya watano, lakini tume ikapendekeza vyama vingi na Mwalimu, aliyekijenga chama kimoja kwa mikono yake, akaunga mkono. Alikuwa ameshaanza kulisema hilo tangu 1990. Mzee wa rika lake, kakaa madarakani miaka yote ile, bado anaweza kusema wakati umebadilika na sisi tubadilike! Mie hapo huwa namvulia kilemba.

Ila mwanangu, daftari lina na mistari mingine na nayo lazima isomwe. Sheria ya kumweka mtu kizuizini bila kumfikisha mahakamani ilipitishwa mwaka 1962 na serikali ya chama chake, na yeye akiwa Rais ilitumika. Operesheni Vijiji ya miaka ya sabini ilianza kama hiari ikawa amri, watu wakahamishwa kwa malori, sehemu nyingine nyumba zikachomwa ili wasirudi, na ukikaa na wazee wa vijijini watakwambia walikotolewa na walikotupwa. Hayo hayafutwi na uadilifu wake, na uadilifu wake nao haufutwi na hayo.

Sasa nikupeleke kwa mtu wangu wa tatu, na huyu ndo anayenisumbua moyo, Bibi Titi Mohamed. Huyu alizaliwa Dar es Salaam 1926, shule aliishia darasa la nne, alikuwa muimbaji kwenye vikundi vya ngoma vya akina mama. Mwaka 1955 alipita mgeni kutoka chama cha Leba cha Uingereza, John Hatch, akawauliza viongozi wa TANU, kile chama cha Mwalimu kilichopigania uhuru, wanawake wenu wako wapi? Ndo akaletwa Bibi Titi. Na unajua alichofanya? Hakuanza na mkutano wa hadhara, alianza na vikundi vya ngoma. Aliwafuata viongozi wa vile vikundi mmoja mmoja, maana kila mmoja ana watu wake wanaomsikiliza, na ndani ya miezi michache TANU ikawa na maelfu ya wanawake wenye kadi. Tena kumbuka wakati huo watumishi wa serikali walikuwa wamekatazwa kujiunga na vyama vya siasa, kwa hiyo wale wasomi wenye kazi za ofisini wengi walikuwa wamefungwa mikono, lakini muuza vitumbua na mpika pombe nani atamfukuza kazi? Hao ndo walionunua kadi, hao ndo waliochangia nauli, hao ndo waliojaza viwanja, na Mwalimu akawa anazunguka naye nchi nzima. Mie niliyelelewa kwenye mchezo wa akina mama nikisoma hayo naona sura za watu ninaowajua kabisa.

Baada ya uhuru akawa mwenyekiti wa kwanza wa UWT, umoja wa wanawake, akawa naibu waziri, mwaka 1965 akapoteza ubunge. Likaja Azimio, na yeye alikuwa na nyumba za kupangisha, akakataa sharti hilo, akajiuzulu kwenye kamati kuu ya chama. Hapa mie nasema ninavoamini: sharti lilikuwa la haki kwa kiongozi, lakini pia namwelewa Bibi Titi. Mwanamke wa darasa la nne, hana pensheni ya ualimu wala shahada ya kumrudisha kazini, nyumba ya kupangisha ndo uzee wake. Mwaka 1969 akakamatwa pamoja na wenzake kwa kesi ya uhaini, mahakama ikamkuta na hatia, akahukumiwa kifungo cha maisha. Yeye alikana mpaka mwisho. Ndoa yake ikavunjika akiwa gerezani. Mwaka 1972 Mwalimu akamsamehe akatoka, akaishi kimya kimya miaka mingi, jina lake halitajwi sana, mpaka sherehe za miaka 30 ya uhuru mwaka 1991 ndo akaanza kukumbukwa tena hadharani. Alifariki Novemba 2000 Johannesburg alikopelekwa kwa matibabu, na leo ile barabara kubwa pale karibu na Mnazi Mmoja inaitwa kwa jina lake, madereva wa daladala wanalitaja siku nzima.

Kwa hiyo mwanangu, mtu niliyempenda alimfunga mtu niliyempenda. Siwezi kulizunguka hilo. Walikaa jukwaa moja, na bila wale wanawake wa ngoma sijui mikutano ya Mwalimu ingejaa vipi. Umeniuliza usimame wapi, nakwambia wale wanaokulazimisha uchague, muabudu au mtukane, wote hawataki daftari lisomwe lote. Mie nimekaa na wote wawili kichwani miaka yote na kwa kweli wamenifundisha wakiwa pamoja kuliko ambavyo angenifundisha mmoja peke yake. Mkianza tena huko hosteli, waulize wenzako wangapi wanaijua hukumu ya Bibi Titi, na wangapi wamesoma masharti ya Azimio yenyewe badala ya kusimuliwa. Ugomvi utapungua maana watu watakuwa na cha kusoma.

*

Shangazi hujambo. Kila siku unatutajia watu wa kwenu Tanzania, sisi wa huku Kenya hatuna wa kukugusa? Nakuuliza kwa upendo tu.
Mama wa wawili, Mombasa

Sijambo mwenzangu. Yupo, na yuko juu kabisa, Wangari Maathai. Watu wengi wanamjua kwa miti na ile tuzo ya Nobel ya mwaka 2004, lakini mie alinishika kwa mambo mawili ya Uhuru Park, ile bustani ya Nairobi. La kwanza mwaka 1989, serikali na chama tawala cha KANU walitaka kujenga jengo la ghorofa 60 mle ndani ya bustani, yeye akaandika barua kila mahali, akatukanwa bungeni, akaambiwa mwanamke aliyeachika ana nini cha kusema, na mwisho wa yote wafadhili wakajitoa na jengo halikujengwa. La pili mwaka 1992, akina mama ambao watoto wao walikuwa wamefungwa kwa ajili ya siasa walikaa pale wakigoma kula, naye akakaa nao, askari wakaja na virungu na gesi, wale akina mama wazee wakavua nguo mbele yao. Wangari alipigwa mpaka akazirai akapelekwa hospitali. Wakahamia kanisa la All Saints wakakaa huko karibu mwaka mzima, na mwanzoni mwa 1993 vijana wengi wakaachiwa. Ukikaa ukafikiria, mtu ana shahada ya uzamivu ya chuo kikuu, angeweza kukaa zake kwake, anaenda kulala chini na mama za watu. Wanao waende wakapaone pale, bado panaitwa Freedom Corner.

*

Shangazi salamu. Kijana wangu ana miaka 19, siasa zake zote anazitoa kwenye simu, kuna mtu mmoja huko mtandaoni anamsikiliza kutwa na kila nikisema neno ananijibu kwa maneno ya yule mtu. Nimeshakasirika nikataka kumnyang'anya simu. Nifanyeje?
Baba J, Mwanza

Salama kaka. Simu mwachie, ukimnyang'anya yule mtu wa mtandaoni atakuwa shujaa zaidi. Kaa naye usikilize video moja mpaka mwisho bila kumkatisha, halafu muulize maswali ya kawaida kabisa: huyu bwana anakula wapi, nani anamlipa, aliwahi kuongoza nini hata kikundi cha mtaa, na alichosema mwaka juzi anakikumbuka? Usijibu wewe, muache atafute. Na kama anakwambia jambo la kweli mwambie mwanangu hapo umenena, vijana wana macho. Halafu nawe mletee kitu chako, mfano hotuba ya Mwalimu ya Mei Mosi 1995 pale Mbeya, inapatikana mtandaoni, ndefu lakini haichoshi, isikilizeni pamoja jioni moja wakati hakuna mpira, na ikiisha mpe yeye nafasi ya kusema kwanza.