Asilimia 23.3 ya nani? Ninavyosoma habari za mishahara na mafao

Jumamosi ya tarehe 14 Mei 2022 nilikuwa nyumbani nasahihisha madaftari ya hisabati ya darasa la sita, simu ikaanza kulia bila kupumzika. Ni kundi la walimu wa kata yetu. Mtu alikuwa ametuma picha ya habari yenye kichwa kikubwa: mishahara ya watumishi wa umma imepanda kwa asilimia 23.3.

Ambaye hakuwa mtumishi miaka ile hawezi kujua tulivyoipokea. Tangu 2016 kila Mei Mosi tulikuwa tunakwenda uwanjani na fulana mpya na kurudi na mshahara uleule. Mwaka 2021, Mwanza, Rais Samia aliomba tumvumilie hadi mwaka unaofuata. Mei Mosi ya 2022, Dodoma, akasema jambo letu lipo, bila kutaja kiwango. Sasa kiwango kimetoka. Nikachukua mshahara wangu, nikauzidisha kwa 1.233, nikapiga simu kwa fundi aliyekuwa ananidai pesa ya kuezeka nyumba. Nikamwambia aendelee, Julai nitammalizia.

Mshahara wa Julai ulipoingia, nyongeza yangu haikufika hata robo ya nilichopigia hesabu. Ofisi ya walimu siku ile ilikuwa kama kuna msiba. Mwalimu mmoja wa kike, mtu mzima kuliko sisi wote, alikuwa anapita meza hadi meza akiuliza kwa sauti ya chini, "Mwenzangu, wewe umeona ngapi?" Kila mtu alikuwa na namba yake, na hakuna aliyeona 23.3.

Jioni ile nilifanya nilichopaswa kufanya Mei: nilitafuta tamko lenyewe la Ikulu. Ni fupi. Linasema Rais ameridhia nyongeza ikiwemo ya kima cha chini kwa asilimia 23.3. Kima cha chini kilikuwa shilingi 300,000, kikawa 370,000. Tamko hilohilo linasema bajeti ya mishahara ya 2022/23 ni trilioni 9.7, ikiwa imeongezeka kwa trilioni 1.59, sawa na asilimia 19.51. Hiyo 19.51 nayo ilikuwa inazunguka mitandaoni kama ndiyo nyongeza ya "wastani" ya kila mtumishi. Siyo. Bajeti ya mishahara hukua pia kwa ajira mpya na kwa watu kupandishwa vyeo. Asilimia za aina mbili, zote za kweli, na hakuna hata moja iliyokuwa ya mshahara wangu.

Ndipo nilipoanza kufikiri upya juu ya upendeleo wa vyombo vya habari. Nilikuwa nimezoea kuuliza swali moja tu: hili gazeti ni la Serikali au linaipinga? Swali hilo lina maana. HabariLeo ni gazeti la Serikali, Uhuru ni la CCM, Mwananchi linatolewa na kampuni iliyo chini ya Nation Media Group ya Nairobi, na ni vizuri kujua. Lakini lisingeniokoa. Kichwa kile cha habari hakikuwa cha uongo. Maneno matatu tu, "kima cha chini", yalikuwa yameachwa nje. Mwandishi anayeipenda Serikali angeyaacha kwa sababu namba inapendeza zaidi bila hayo. Mwandishi asiyeipenda wala kuichukia angeyaacha kwa sababu nafasi ya kichwa ni ndogo. Matokeo kwangu ni yaleyale. Kwa hiyo siku hizi, nikikutana na asilimia yoyote kwenye habari za kazi, swali langu la kwanza ni: asilimia ya nini, na ya nani?

Somo la pili lilikuwa chungu zaidi, kwa sababu lilinigombanisha na ndugu.

Tarehe 1 Julai 2022, mwezi uleule wa nyongeza, kikokotoo kipya cha mafao, yaani kanuni ya kukokotoa malipo ya mstaafu, kilianza kutumika. Hadithi yake ni ndefu. Mwaka 2018 mifuko ya pensheni ya PSPF, LAPF, PPF na GEPF iliunganishwa kuwa PSSSF, mfuko wa watumishi wa umma, NSSF ikabaki na sekta binafsi. Kikaletwa kikokotoo cha mkupuo wa asilimia 25, wafanyakazi wakapiga kelele, na Desemba 2018 Rais Magufuli akakisimamisha. Mwaka 2022 kikaja hiki cha asilimia 33: yaani theluthi ya mafao ulikuwa unapewa kwa mkupuo siku unayostaafu, na asilimia 67 unalipwa kidogo kidogo kila mwezi, hadi asilimia hizo zilipobadilishwa mwaka 2024.

Sisi walimu tulikuwa PSPF, ambako mkupuo ulikuwa asilimia 50. Kwa hiyo kila nilichosoma, na kila sauti iliyotumwa kwenye kundi letu, ilisema tumeporwa. Shemeji yangu anafanya kazi kiwandani na ni mwanachama wa NSSF, ambako mkupuo ulikuwa asilimia 25. Alipokuja kututembelea sikukuu, nikaanza kulalamika mezani. Akanisikiliza, kisha akasema kwa upole, "Shemeji, mbona kwetu imepanda?" Nilimjibu vibaya. Nilimwambia amelishwa maneno ya Serikali. Dada yangu alinyanyuka akaondoa vyombo kabla hatujamaliza kula.

Shemeji alikuwa anasema kweli, nami nilikuwa nasema kweli. Vyanzo vyake vilianzia 25 na vyangu vilianzia 50. Mahali pa kuanzia kuhesabu ndipo upendeleo mwingi unapojificha, na ni vigumu kuuona kwa sababu kila namba iliyoandikwa ni sahihi.

Lakini sikutaka kuishia kwenye "kila mtu yuko sahihi", maana kauli hiyo nayo ni uvivu. Nilichukua karatasi. Chukulia mtumishi ambaye mshahara wa kukokotolea ni 1,000,000 kwa mwezi, yaani milioni 12 kwa mwaka, na amechangia miaka 30, yaani miezi 360. Kwa kanuni ya zamani ya PSPF unazidisha mshahara wa mwaka kwa miezi hiyo, unagawa kwa 540, unachukua nusu na kuizidisha kwa 15.5 kupata mkupuo; nusu iliyobaki unaigawa kwa 12 kupata pensheni ya mwezi. Mkupuo unakuwa milioni 62, na pensheni ya mwezi kama 333,000. Kwa kanuni mpya ya 2022 uligawa kwa 580, ukachukua asilimia 33 na kuzidisha kwa 12.5. Mkupuo unakuwa kama milioni 30.7, na pensheni ya mwezi kama 416,000. Sasa mpeleke mtumishi huyohuyo kwenye kanuni ya zamani ya NSSF, yenye 580 na 12.5 hizohizo ila asilimia 25: mkupuo kama milioni 23.3, pensheni ya mwezi kama 465,500.

Zitazame vizuri hizo namba. Shemeji alikuwa amepata mkupuo mkubwa zaidi, ila pensheni yake ya kila mwezi imeshuka kwa karibu shilingi 50,000, jambo ambalo habari alizosoma hazikumwambia. Mimi nilikuwa nimepoteza nusu ya mkupuo na kupata nyongeza ya kama 82,500 kwa mwezi, jambo ambalo habari nilizosoma hazikuniambia. Na wale waliosema pensheni ya mwezi imeboreshwa kwa watumishi wa umma walisema kweli, ila hawakuendelea na hesabu: kurudisha zile milioni 31 kwa 82,500 kila mwezi kunahitaji zaidi ya miaka 31. Mwalimu anastaafu akiwa na miaka 60.

Kuna jambo jingine ambalo karatasi ilinionyesha. Mjadala wote niliousoma, wa kusifu na wa kulaani, ulikuwa juu ya 50 na 33. Lakini ukibadilisha hiyo peke yake na kuacha 540 na 15.5 kama zilivyokuwa, mkupuo unashuka hadi karibu milioni 41, si 30. Milioni kumi nyingine zimeondoka kwa sababu ya 580 na 12.5, namba mbili ambazo hazikuwa kwenye vichwa vya habari wala kwenye sauti za makundi yetu. Pande mbili zinazogombana zinaweza kukubaliana bila kujua juu ya kitu cha kutokutazama. Tangu hapo, nikiona watu wote wanabishania namba moja, naenda kwenye kanuni yenyewe kutafuta namba zilizokaa kimya.

Serikali ilieleza kwamba mifuko isingeweza kuendelea kulipa kwa kanuni ya zamani. Hoja hiyo naiheshimu, kwa sababu mfuko ukifa hakuna atakayelipwa. Ila msomaji anapaswa kujua aliyetoa hoja amesimama wapi. Serikali ni mwajiri wetu, ndiyo mtunga kanuni, na ilikuwa pia mdaiwa mkubwa wa mfuko huohuo: watumishi walioajiriwa kabla ya Julai 1999 walistahili pensheni ambayo hawakuwa wameichangia, na deni lao lilikaa miaka mingi. Baadaye Serikali ilitoa hatifungani maalumu ya zaidi ya trilioni 2 kulipunguza. Habari inayosema mifuko imeelemewa bila kutaja deni hilo imemsikiliza mdaiwa peke yake. Na habari inayotaja deni bila kusema kwamba limeanza kulipwa nayo imekata kipande.

Nawaomba wenzangu tusiishie kuchunguza upande wa Serikali. Vyama vyetu vya wafanyakazi navyo vina mahali pao pa kusimama. Navipenda, nimekuwa mwanachama maisha yangu yote ya kazi. Lakini walimu tunakatwa asilimia 2 ya mshahara kwenda kwenye chama, na kiongozi wa chama hugombea kwa kura zetu. Karibu na uchaguzi wa chama, kauli zinakuwa kali kuliko kawaida, na baada ya kukaa na Serikali mezani zinakuwa laini kuliko kawaida. Mwaka ule TUCTA, shirikisho la vyama vya wafanyakazi, ilikuwa imependekeza kima cha chini cha zaidi ya milioni moja. Hilo lilikuwa dau la kuanzia mazungumzo, na aliyelisoma kama matarajio alijiumiza. Chama cha Waajiri, ATE, hali kadhalika: kikizungumzia kima cha chini cha sekta binafsi kitaanza na gharama za uendeshaji, kwa sababu wanachama wake ndio wanaolipa. Sioni ubaya wowote hapo. Ubaya ni mwandishi anapomnukuu mmoja wao na kumwita "mtaalamu wa masuala ya ajira", bila kusema anamsemea nani.

Ndiyo maana katika habari yoyote ya sera ya kazi nahesabu waliozungumza. Waziri, katibu mkuu, kiongozi wa chama, mwakilishi wa waajiri. Je, yupo hata mfanyakazi mmoja aliyeonyesha slipu yake? Habari nyingi za aina hii huandikwa kutokana na mkutano na waandishi, na mwandishi anayelipwa kwa habari hana nauli ya kwenda Kilosa kumtafuta mhudumu wa zahanati. Simlaumu. Ila najua kwamba habari ya mkutano inanieleza kilichosemwa, na bado hainielezi kilichotokea.

Makato ndiyo mahali ambapo pengo hilo linaonekana wazi. Tuseme mtumishi wa mshahara wa 720,000 ameongezewa 20,000. Kila mtu ataandika 20,000. Toa asilimia 5 ya PSSSF, asilimia 3 ya bima ya afya ya NHIF, asilimia 2 ya chama, asilimia 15 ya mkopo wa elimu ya juu kama bado anadaiwa, na kodi ya asilimia 20 juu ya kinachobaki baada ya mchango wa pensheni. Mkononi inabaki 11,200. Aliyetangaza 20,000 hakudanganya, na mtumishi anayesema ameona 11,000 na kitu hadanganyi.

Kuhusu makundi ya simu nitasema machache. Picha ya habari isiyo na tarehe naiacha. Sauti ya mtu anayedai "nina ndugu Utumishi" naiacha. Na ile inayonifurahisha au kunikasirisha upesi ndiyo ninayoichunguza kwa muda mrefu zaidi, kwa kuwa mwaka 2022 nilidanganyika mara mbili, mara moja kwa furaha na mara moja kwa hasira, na mara zote mbili nilikuwa nimeshaamini kabla ya kusoma.

Mei Mosi ya 2025, Singida, ilitangazwa asilimia 35.1. Ulikuwa mwaka wa uchaguzi mkuu, kwa hiyo kila aliyeiandika alikuwa na jambo jingine moyoni. Mwalimu kijana tunayekaa naye ofisi moja alinijia na simu mkononi, macho yanang'aa. Alitaka kwenda benki kuongeza mkopo wiki ileile. Nikamwomba agawe 500,000 kwa 370,000. Akapata 1.351.

"Kwa hiyo ni kima cha chini, mwalimu?"

"Ni kima cha chini. Wewe uko ngazi gani?"

Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza afanye nini. Nikamwambia aihifadhi slipu yake ya Juni, asubiri ya Julai, aziweke mezani mbili kwa pamoja, ndipo aende benki. Alisubiri.