Maswali ya wasomaji: plazma kidogo, vipimo vitatu

SWALI: Nina plazma ya wagonjwa, kila mmoja kichupa kidogo tu. Nataka kupima protini, lipidi (mafuta) na metaboliti (molekuli ndogo kama sukari na asidi amino) kwa spektrometa ya tungamo, mashine inayopima uzito wa molekuli. Nigawe kila sampuli mara tatu?
*Mwanafunzi wa uzamili, Morogoro*

JIBU: Usigawe. Vyote vitatu vinatenganishwa ndani ya kichupa kimoja kwa MTBE, kioevu chepesi kuliko maji. Chukua mikrolita 40 za plazma, utie mikrolita 300 za methanoli baridi. Methanoli hiyo iwe tayari na vipimio vya ndani, yaani molekuli zenye haidrojeni nzito ambazo mwilini hazimo. Ukivitia mwishoni havitakuonyesha ulichopoteza njiani. Protini huganda papo hapo na vimeng'enya husimama. Ongeza mililita 1 ya MTBE, tikisa kwa saa nzima, kisha tia maji mikrolita 250, subiri dakika 10, uzungushe kwenye sentrifuji.

Lipidi zitakuwa tabaka la juu. Tabaka la chini lina sukari, asidi amino na vingine vinavyoyeyuka majini, na kitakoni kuna donge jeupe la protini. Kwa klorofomu mambo hugeuka: lipidi huwa chini na protini hukaa katikati kama utando, kwa hiyo ncha ya pipeti lazima iutoboe, na uchafu huingia hapo. Hata kwa MTBE usiwe na tamaa. Nyonya tabaka la juu uache kidogo juu ya mpaka. Kausha kwa gesi ya naitrojeni, si kwa hewa, maana oksijeni huharibu mafuta yenye vifungo pacha vingi. Dondoo la lipidi litunze kwenye kioo, kwani plastiki huachia vilainishi na asidi za mafuta ambazo mashine itazipima kama zako.

Lakini sampuli nyingi huharibika kabla hata methanoli haijaguswa. Seli nyekundu kwenye tyubu zingali hai na zinakula: katika joto la kawaida la chumba, glukosi hupungua kwa asilimia 5 hadi 7 hivi kila saa, huku laktati ikipanda. Sampuli ya kliniki ya mbali ikichelewa saa tatu, utaona tofauti kati ya wagonjwa na wazima ambayo imeletwa na barabara tu. Tumia tyubu ya EDTA (dawa inayozuia damu isigande) yenye kofia ya zambarau, iweke kwenye barafu, utenganishe plazma ndani ya dakika 30. Tyubu ya sitreti iache kabisa ikiwa sitreti ni mojawapo ya unavyopima. Plazma yenye rangi ya waridi ina seli zilizopasuka, itenge. Inayobaki igawe kwenye vichupa vidogo kabla ya kuigandisha kwenye nyuzi 80 chini ya sifuri, ili usiyeyushe na kugandisha tena kichupa kile kile.

SWALI: Nimekata protini kwa kimeng'enya cha tripsini, lakini matokeo yamejaa keratini, na kwenye spektra kuna vilele vinavyoachana kwa daltoni 44 (kizio cha tungamo la molekuli). Tatizo liko wapi?
*Mtaalamu wa maabara, Kisumu*

JIBU: Ni matatizo mawili. Keratini ni ngozi, nywele na vumbi. Vaa glavu za nitraili juu ya mikono ya koti, zibadilishe kila unapogusa uso au simu, na usiache tyubu wazi.

Vilele vya 44 ni polietilini glaikoli, itokayo kwenye sabuni za aina ya Triton na krimu za mikono. Ioni ikiwa na chaji mbili, pengo huwa 22. Usitegemee kolamu ya C18, ile inayonasa molekuli zisizopenda maji, kuiondoa, kwa sababu hung'ang'ania humo pamoja na peptidi zako, yaani vipande vya protini. Dawa yake ni kuizuia: vyombo visioshwe kwa sabuni, visuuzwe kwa methanoli na maji safi.

Ukiwa hapo, kagua pia kama tungamo la peptidi limeongezeka kwa daltoni 43.006. Hiyo ni yurea iliyopashwa moto. Ukiyeyusha protini kwa yurea ya mola 8, usivuke nyuzi 37, na uizimue hadi chini ya mola 1 kabla ya kutia tripsini, la sivyo kimeng'enya chenyewe kitalemaa. Weka gramu 1 ya tripsini kwa kila gramu 50 za protini, pH 8, usiku kucha, kisha uisimamishe kwa asidi ya fomiki. Nyongeza ya 57.021 kwenye sisteini isikutishe: ni iodoasetamidi, kemikali ya kuziba sisteini, uliyoitia mwenyewe.

SWALI: Mbona programu inachanganya leusini na isoleusini?
*Msomaji, Mombasa*

JIBU: Zina atomi zile zile, na ndani ya peptidi kila moja ina tungamo la 113.084. Kuvunjavunja kwa kawaida hakuzitofautishi. Kwenye protini, programu huchagua kwa kufuata mfuatano uliomo kwenye hifadhidata. Zikiwa huru kwenye plazma, zitenganishe kwa kolamu, na upitishe sampuli safi ya kila moja ili ujue inatoka dakika ya ngapi.