Mkurugenzi Hataki Kusikia Habari za Facebook

Barua nyingi za safari hii zimetoka kwa watumishi wa asasi ndogo. Ukurasa wa mtandaoni umepangwa, picha zipo, lakini mambo yanakwama humo humo ofisini. Tumejibu tano.

Asasi yetu inashughulika na visima vya vijijini, tuko watumishi 9. Nimeomba mara tatu tufungue ukurasa wa Facebook. Mkurugenzi anasema tutatukanwa hadharani na wafadhili wataona. Nimsemeshe vipi? — Afisa miradi, Singida

Ndugu yetu, mara zote tatu inaelekea ulikwenda na faida mkononi: watu wangapi wako mtandaoni, asasi zipi tayari zina kurasa. Mzee mwenye hofu hatulizwi kwa faida. Omba nusu saa, umwulize swali moja: "Mkurugenzi, ni jambo gani baya kabisa unaloliona likitupata?" Nyamaza, uandike anayoyasema bila kubishana. Kisha piga karatasi mistari iwe na safu tatu: jambo lenyewe, nani ataliona kwanza, na atafanya nini ndani ya muda gani. Mkizijaza pamoja, hofu inakuwa kazi yenye mwenyewe na saa yake.

Matusi yana dawa. Kwenye mipangilio ya ukurasa wa Facebook kuna sehemu ya kuzuia maneno: komenti yenye neno mliloliweka inafichwa yenyewe. Msitegemee kichujio cha matusi kinachokuja na mtandao, kwa Kiswahili hakifui dafu. Andikeni orodha yenu, pamoja na namna watu wanavyoyaandika matusi hayo kwa makosa au kwa kuchanganya namba na herufi. Mfahamu tu kwamba komenti iliyofichwa mwandishi wake na marafiki zake bado wanaiona, kwa hiyo mkurugenzi asiahidiwe kwamba imefutika.

Malalamiko ni kitu kingine, na hapa ndipo asasi nyingi zinapojiumiza. Mtu akiandika "pampu ya kijiji chetu imekufa tangu Machi", hajatukana; ametoa taarifa ambayo fundi wenu alipaswa kuwa nayo. Mkiifuta, ataipeleka kwenye kundi la WhatsApp la kata nzima, na huko hamna pa kujibia. Mjibuni ndani ya siku moja ya kazi: mshukuruni, ulizeni kijiji na kitongoji, pelekeni kwa fundi, na pampu ikitengenezwa rudini pale pale mwandike kwamba imetengenezwa. Mfadhili akisoma mazungumzo ya namna hiyo anaona asasi inayofuatilia kazi yake. Tusi la wazi au kashfa juu ya mtu: piga picha ya skrini, hifadhi, halafu ficha.

Kabla ya kikao hicho tafuta jina la asasi yenu mtandaoni, uone watu wanasema nini tayari. Ukikuta kitu, kichapishe ukampelekee. Usipokuta kitu, sema hukukuta.

Bodi imekubali, ila kwa sharti kwamba kila posti ipitishwe na mwenyekiti. Mwenyekiti anasafiri sana. Tangazo la mkutano wa Jumatatu lilitoka Ijumaa, mkutano umeshapita. — Katibu muhtasi, Mombasa

Bodi inataka isishtukizwe, na hilo ni haki yake. Ipeni sera ya kurasa mbili iipitishe mara moja, kisha posti zipangwe kwa ngazi tatu. Ngazi ya kwanza ni mambo yasiyo na siri: tarehe za mikutano, nafasi za kazi, shukrani. Mwandishi anaandika, mwenzake mmoja anasoma, inatoka. Ngazi ya pili ina takwimu, maneno ya mtu au jina la mshirika. Meneja wa mradi anaisoma ndani ya saa 4 za kazi, na akiwa safarini sera imtaje wa kukaimu. Ngazi ya tatu ni siasa, vifo, watoto, tuhuma na fedha za wafadhili. Hiyo ni ya mkurugenzi pamoja na mwenyekiti, haina haraka, na isipopata jibu haitoki.

Wakiuliza "na mtumishi akikosea?", wapeni mfano wa Msalaba Mwekundu wa Marekani. Februari 2011, mfanyakazi wao alituma kwenye akaunti ya Twitter ya shirika ujumbe aliokusudia kuuweka kwenye akaunti yake binafsi, ukihusu bia na kulewa. Akaunti zote mbili zilikuwa ndani ya programu moja. Shirika liliufuta, likakiri hadharani kwa maneno mepesi kwamba lilikuwa kosa, na kampuni ya bia iliyotajwa, Dogfish Head, ikawahimiza wapenzi wake wauchangie Msalaba Mwekundu. Kilichowaokoa ni kukiri upesi. Kilichowaponza kinazuilika kwa simu moja ya ofisi isiyo na akaunti ya mtu yeyote binafsi. Nunueni hiyo kwanza.

Na bodi ijue hatari kubwa zaidi kuliko posti mbaya: kunyang'anywa ukurasa wenu wenyewe. Kijana wa mafunzo kwa vitendo anafungua ukurasa kwa namba yake, anamaliza miezi mitatu, anaondoka nao. Kwa hiyo:

- Msifungue akaunti ya mtu mkaipa jina la asasi. Facebook inaweza kuifunga, na marafiki hawazidi 5,000. Fungueni ukurasa.
- Watu wawili wawe na mamlaka kamili, mmoja wao mkurugenzi. Wengine wapewe ruhusa ya kuposti na kujibu tu.
- Laini ya WhatsApp Business isajiliwe kwa jina la asasi, na isiachwe bila matumizi. Laini iliyolala muda mrefu kampuni ya simu humpa mteja mwingine, na namba za uthibitisho zinamfikia yeye.
- Washeni uthibitishaji wa hatua mbili (nywila, kisha namba ya uthibitisho) kila mahali. Namba za dharura za kurejesha akaunti zichapwe kwenye karatasi, zikae kwenye kasha moja na vitabu vya hundi.

Mimi ni mhasibu. Kila mwezi naidhinisha bando na sioni kinachorudi. Naambiwa "tumepata wafuasi". Wafuasi nawaingiza kwenye leja gani? — Morogoro

Swali lako ni la haki, na anayekujibu kwa idadi ya wafuasi anakukosea. Weka safu moja kwenye daftari la mapokezi: "Umetusikia wapi?" Kila anayepiga simu au kuingia mlangoni aulizwe, pamoja na waombaji wa kazi na wachangiaji. Baada ya miezi mitatu utakuwa na hesabu unayoweza kuikagua. Ongeza na gharama zilizoepukwa: tangazo lililotolewa mtandaoni pekee badala ya gazetini linajulikana bei yake.

Ila kuna jambo moja la kulikataa bila kupepesa: mtumishi kulipia matangazo ya mtandaoni kwa kadi yake binafsi halafu adai kurejeshewa. Risiti inatoka kwa jina lake, makato yanakwenda kwa fedha ya kigeni, na mkaguzi atauliza. Tumieni kadi ya asasi, yenye kikomo cha mwezi.

Ni afisa ustawi wa jamii. Nimekataa kuwapiga picha wateja wangu kwa ajili ya Instagram, sasa naitwa mpinga maendeleo. — Dar es Salaam

Dada yetu, umekataa kilichopaswa kukataliwa. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Kenya ina yake ya 2019. Taarifa za afya na za watoto zinahitaji uangalifu wa pekee, na mtoto ni yeyote aliye chini ya miaka 18.

Ridhaa si saini tu. Mtu aelezwe kwa lugha anayoielewa picha itaonekana wapi, kwamba wengine wanaweza kuisambaza, na kwamba akikataa hapungukiwi huduma yoyote. Aulizwe baada ya kuhudumiwa. Aliye kwenye foleni ya dawa hana uhuru wa kukataa, hata akitabasamu. Aambiwe pia ukweli mchungu: akibadili nia mtaifuta kwenye ukurasa wenu, lakini hamwezi kuifuta kwenye simu za watu.

Kuficha uso nako hakutoshi. Mtoto aliyepigwa mgongoni akiwa na sare ya shule, chini pameandikwa jina la kijiji na ugonjwa, majirani wanamtambua mara moja. Zimeni kipengele cha mahali (location) kwenye kamera za simu za kazi, kwa sababu picha ikitumwa WhatsApp kama dokumenti hubaki na alama za mahali ilipopigwa. Wapeni wenzako vitu vya kupiga badala ya kuwaambia "hapana" tu: mikono inayofunga bandeji, mlango wa ofisi na saa za huduma, watumishi wenyewe waliokubali.

Nimepewa "na mitandao" juu ya kazi zangu zote. Wenzangu wa vijijini hawaniletei chochote. — Afisa ufuatiliaji na tathmini, Dodoma

Kazi iliyoongezwa bila saa haifanyiki, na ikifa itasemwa mtandao haufai kwetu. Nenda kwa mkurugenzi na hesabu: saa 1 kukusanya, saa 1 na nusu kuandika na kupanga posti zijitoe zenyewe kupitia Meta Business Suite, programu ya Facebook ya kusimamia kurasa, na dakika 15 za kujibu asubuhi na 15 jioni, siku 5. Jumla saa 5 kwa wiki, kwa ukurasa mmoja na posti 2. Omba saa 5 zitolewe kwenye kazi nyingine, na jambo hilo liandikwe kwenye majukumu yako ya kazi. Mtandao wa pili usiuguse mwaka huu.

Wenzako wa vijijini hawakugomei. Umewaomba waandike "habari", nao wana pikipiki, mvua na ripoti ya mwezi. Waombe picha moja na ujumbe wa sauti usiozidi dakika moja: nini kimefanyika, wapi, lini, watu wangapi. Wewe ndiye wa kuandika, kisha uwatumie uliyoyaandika wayathibitishe kabla hayajatoka. Afisa akiona kazi yake imesemwa sawasawa, namba haikuongezwa na kijiji hakikukosewa jina, mara nyingi wiki inayofuata anatuma bila kukumbushwa. Takwimu ikikosewa mara moja tu, hatatuma tena.

Omba majaribio ya wiki 13, posti 26, na tarehe ya kikao cha kuamua iwekwe kwenye kalenda kabla ya posti ya kwanza. Siku hiyo peleka malalamiko yote yaliyoingia, kila moja na muda uliochukua kujibiwa, hata yale mliyochelewa.